Kanda ya Mapatano

Boksi lilishuka kutoka kwenye buti la basi la Dar es Salaam saa nne asubuhi, na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, katekista ninayeheshimika parokiani, nilimpiga kikumbo mpagazi ili nilishike kwanza. Taufiq, mwenye duka la kanda na vipuri vya redio jirani na stendi ya Kahama, alikuwa amewaacha wateja wake na kuja mbio kwa kandambili. Tulilibeba wawili ingawa lingeweza kubebwa na mmoja. Njia nzima tulicheka kama walevi, na hatukuwa tumetia kitu mdomoni zaidi ya chai.

Ndani yake kulikuwa na kanda mpya ya Bendi ya Mabati, ya kwanza tangu tuachane miaka kumi na minane iliyopita. Kwenye jalada tulikuwa sisi watatu, tumeshikana mabega, tumevaa mashati ya rangi moja, na juu yetu pameandikwa neno moja tu: Tumepatana. Jina hilo nililichagua mimi. Nililisoma mara tatu pale pale barabarani, na mara zote tatu nilifurahi upya.

Kwa wale ambao miaka yetu iliwapita, Mabati tulikuwa watatu. Jashvant alikuwa mtoto wa muuza vitambaa wa Shinyanga mjini, Mhindu aliyekua akicheza na watoto wa wapagazi wa duka la baba yake hata Kisukuma chake kikawa kizuri kuliko changu. Makoye alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba, mrefu, mwenye mdomo usio na breki na sauti ya kumsimamisha mtu njiani. Hao wawili walipiga magitaa. Mimi, Athanas, kijana wa Ushirombo niliyetumwa Shinyanga kusomea ualimu, nilipiga ngoma. Hatukuwa na besi, tarumbeta wala kinanda. Binamu yake Jashvant alituletea kutoka Nairobi santuri za roki, tukazisikiliza mpaka zikakwaruzika, kisha tukaanza kupiga kitu ambacho hakikuwa roki wala dansi. Wapenzi wa dansi walisema tunagonga mabati, nasi tukaona jina limejileta lenyewe.

Siri yetu ilikuwa moja, na haikutoka Nairobi. Usukumani, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza siku moja kwenye uwanja mmoja, vikitazamana. Mwamuzi hakuna. Watazamaji humkimbilia anayewafurahisha, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa upande huu humwimba mwenzake kwa kejeli, naye hulipwa kwa kejeli nzito zaidi. Ukoo wa Makoye walikuwa Wagika tangu enzi za babu. Jashvant alijiita Mgalu kwa sababu mkuu wa wapagazi wa baba yake alikuwa Mgalu, na ndiye aliyembeba begani kwenda ngomani. Basi jukwaani mmoja alisimama mwisho wa kushoto, mwingine mwisho wa kulia, na mimi katikati. Aliyevuta watu wengi ndiye aliyeimba, na mwenzake aliruhusiwa kufanya lolote ili amnyang'anye. Nimeona watu wazima wakikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, viatu mkononi, jasho likiwatiririka, wakicheka.

Mwaka 1979 Makoye alipandisha sauti ya amplifaya yake mpaka mwenzake akawa hasikiki kabisa. Jashvant akamchomolea waya. Makoye akampiga kwa gitaa, na kwa bahati gitaa likavunjika kabla ya bega. Hawakusemezana tena. Jashvant alirudi kwenye vitambaa vya baba yake. Makoye alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu na hatimaye akawa na duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, na vijana wa kulishukia. Mimi nilimwoa Apolonia, msichana aliyekuwa akikimbia kuliko wote ukumbini, nikawa katekista Kahama. Ilibaki kanda moja tuliyoirekodi mwaka 1976, iliyonakiliwa na kunakiliwa tena hata sauti zetu zikawa zinatokea ndani ya pipa, na bado watu waliitafuta.

Niliwakosa watu wale wawili. Mke ninaye, watoto ninao, waumini ninao, lakini kwa miaka kumi na minane nilikuwa mtu aliyekaa katikati ya viti viwili vitupu. Ndiyo maana Taufiq alipokuja na wazo la kanda mpya, nililidaka. Kupatanisha ni kazi yangu. Nimewarudisha wanandoa waliokwisha kugawana sufuria. Utaratibu wangu ni huu: kwanza namsikiliza kila mmoja peke yake, atapike nyongo yote, na ninayoyasikia siyatoi. Halafu wanakula sahani moja. Mwisho wanaweka masharti na kutia sahihi.

Makoye nilimsikiliza kando ya duara lake, tumekaa juu ya magunia ya mawe. Alisema Jashvant hajapata kumshinda hata siku moja, ila siku mzee wake Jashvant alipokuja kutazama, yeye Makoye alimwachia mwanawe ashinde kwa huruma. Jashvant nilimsikiliza stoo, katikati ya majora ya vitambaa. Alisema kwa upole, huku akikunja kanga, kwamba Makoye anajua mikao mitatu tu ya vidole kwenye gitaa, na kelele zile zote zilikuwa za kuficha kwamba wa nne haujui. Niliyameza yote mawili na kuahidi kwamba nitazikwa nayo.

Wakaja kwangu, wakala ugali sahani moja, samaki pembeni, na Makoye akamsogezea Jashvant bakuli la mchicha kwa kuwa nyama na samaki hagusi. Nilikaribia kulia. Kwenye karatasi ya daftari tukaandika masharti: hakuna atakayepandisha sauti kumzidi mwenzake, kila mmoja ataimba nusu kwa nusu, na hakuna kejeli. Studio ya Dar es Salaam walikwenda wameshikana mikono. Kila wimbo ulichelewa kuanza kwa sababu mmoja alimwambia mwenzake aanze yeye, na yule akasema hapana, kaka, anza wewe. Fundi mitambo alituongezea besi na kinanda, na hakuna aliyekataa, kwa maana kukataa kungekuwa ugomvi. Mimi nyuma ya ngoma nilimshukuru Mungu kwa kila wimbo.

Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya boksi.

Taufiq alikuwa ametoa spika mbili barazani, na kabla hajapachika kanda watu walikwisha kujaa mpaka barabarani. Walikuwapo watu wazima wa umri wetu, na vijana wengi waliolelewa na ile kanda ya pipa. Lori lilikuwa limeleta wachimbaji kutoka Segese. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilifumba macho. Ulikuwa safi, mtamu, kila chombo mahali pake. Nilipofumbua macho watu walikuwa wakitikisa vichwa taratibu, kama wanavyotikisa hotuba inapokuwa ndefu. Wimbo wa tatu mchimbaji mmoja alimuuliza Taufiq, kwa adabu kabisa, kama mashine haina hitilafu. Mwingine aliuliza Mabati wanaanza saa ngapi. Taufiq aliongeza sauti, na tulichopata ni utamu ule ule kwa sauti kubwa. Nilijiambia masikio yao yatazoea.

Nyumbani Apolonia aliacha kupepeta mchele, akasikiliza pande zote mbili za kanda akiwa amesimama. Mke wangu hasikilizi muziki kwa kukaa.

"Baba Jenifa," alisema ilipokwisha, "hapa anayeongoza ni nani?"

Nilimwambia ni wote wawili.

"Basi ndiyo maana. Mimi kwa watu hawa nilikimbia mpaka soli ikabaki ukumbini. Leo nimesimama hapa sijui niende kwa nani. Umewafungisha ndoa, baba. Kila mmoja anamngoja mwenzake apite mlangoni, na wote wako nje."

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia anachokililia ni usichana wake, si muziki. Aliokota ungo wake akaendelea kupepeta, na jioni ile sikula. Kilichoniuma si kwamba alikuwa amekosea. Uzinduzi wa kanda ulikuwa Jumapili, siku nne mbele, na Taufiq alikwisha kutangaza hadi Bukombe.

Alhamisi nilikuwa narudi kwa baiskeli kutoka kigangoni nilipokuta uwanja umejaa kando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Ulikuwa mwezi wa nane, msimu wenyewe. Wagika huku, Wagalu kule, na vumbi katikati yao limesimama. Katekista hapaswi kukawia mahali kama pale. Nilisimama nitazame kidogo tu. Manju wa Wagalu alitokea na fisi mzima aliyechongwa kwa mti, akamwambia fisi yule kwa wimbo aende akamsalimie mjomba wake kule ng'ambo, na umati ukaangua kicheko na kufurika upande wake. Manju wa Wagika akajibu kwa ngoma iliyonipanda kutoka nyayoni. Watu wakageuka. Nilikuja kujitambua nikiwa nimekimbia nao mara mbili kwenda na kurudi, baiskeli nimeiacha imelala njiani, kanzu ndani ya mfuko wake nimeikumbatia kifuani, nikicheka peke yangu.

Mzee Mbuke wa kijiji kile, ambaye binti yake nilimbatiza, alikuwa akihema kando yangu. Aliniambia wale mamanju wawili ni mashemeji na mashamba yao yamepakana. Msimu ukianza hawasalimiani wala hawali pamoja, ngoma isije ikapoa. Nilimuuliza msimu ukiisha inakuwaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi, akasema mwezi wa tisa wanachimba lambo la ng'ombe pamoja.

Nilirudi kuitafuta baiskeli nikiwa nimechangamka. Nilikuwa nimeelewa. Watu wale wawili hawakuhitaji amani yangu walipokuwa wakipiga, waliihitaji baadaye, na mimi nilikuwa nimeichukua amani ya mwezi wa tisa nikaimwaga uwanjani mwezi wa nane. Lakini sikuwa mjinga wa kujidanganya. Makoye na Jashvant hawakuwa mashemeji wenye mashamba jirani. Mara ya mwisho walipoachiwa, gitaa lilivunjika na miaka kumi na minane ikapotea. Nikiwanyamazia ningebaki na marafiki wawili na muziki maiti. Nikiwachokoza ningeweza kuupata muziki kwa mchana mmoja na kuwapoteza wote wawili mpaka kaburini. Nililiwaza hilo njia nzima hadi nyumbani.

Jumapili, saa tisa alasiri, jengo la sinema ya zamani lilikuwa limejaa hadi madirishani. Malori yalikuwa yametoka Nyarugusu na Segese, na akina mama wa Kahama walikuja na viti vyao. Makoye na Jashvant walikumbatiana mbele ya watu, wakapigiwa makofi. Wakasimama katikati ya jukwaa, bega kwa bega, ndani ya mashati yao ya rangi moja. Makoye akasema, "Anza wewe, kaka." Jashvant akasema la, aanze yeye.

Tulipiga nyimbo tatu za kanda mpya. Baada ya wa kwanza walishangilia. Baada ya wa pili walipiga makofi. Baada ya wa tatu nilisikia viti vikivutwa, watu wakikaa, na karibu na mlango kundi la wachimbaji likaanza kutoka nje kuvuta sigara. Taufiq alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, uso umemshuka. Apolonia sikuthubutu kumtazama. Nilimtazama Jashvant badala yake, na nikaona jambo lililonivunja moyo: alikuwa anajua. Makoye naye alikuwa anajua. Walikuwa wakitabasamiana kwa heshima, wakizama pamoja.

Hapo sikufikiri tena. Niliivuta maikrofoni ya pembeni hadi mdomoni, mimi ambaye sikupata kuimba hata siku moja katika bendi ile, nikaanza mdundo wetu wa zamani, wa haraka, ule wa kuita uwanja. Kisha nikaimba kama anavyoimba manju.

"Mgika kaniambia kando ya shimo: Mgalu hajanishinda hata mara moja. Nilimwachia siku baba yake alipokuja. Nilimwonea huruma."

Jashvant aligeuka, akanitazama mimi kwanza, halafu Makoye. Sikumpa nafasi ya kusema.

"Mgalu kaniambia katikati ya majora: Mgika anajua mikao mitatu ya vidole. Wa nne asioujua anaufunika kwa kelele."

Ndiyo, niliyatoa. Nilikuwa nimeahidi kuzikwa nayo, na niliyatoa mbele ya watu mia nane, na mikono yangu haikuacha kupiga. Makoye alikuwa amefungua mdomo. Nimemfahamu mtu yule tangu tukiwa vijana, na sikupata kumwona akikosa neno. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, lilikuwa jicho la mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Kisha akaenda kwenye amplifaya yake, akaishika ile swichi ya sauti, akaizungusha mpaka mwisho.

Jashvant alikuwa amekwisha kuuburuta waya wake kwenda mwisho wa kushoto. Shati la rangi moja alilivua, akalitupa nyuma ya spika, akabaki na fulana. Mpiga besi na mpiga kinanda wa kukodi walikusanya vitu vyao wakateremka upesi, na walifanya busara. Mkao wa kwanza alioupiga Makoye ulitikisa vumbi kutoka darini. Jashvant akaupokea, akaupindua, akaurudisha umevaa nguo za kike, na upande wote wa kushoto ukapiga kelele. Wale wa sigara walirudi wakipita madirishani.

Tulipiga saa mbili mfululizo. Mgongo wangu ulikuwa na miaka arobaini na sita, lakini mikono haikuwa na habari hiyo. Makoye alimwimba Jashvant kwamba anapima muziki kwa futi na kukata kwa mkasi. Jashvant akamjibu kwa Kisukuma cha ndani kabisa kwamba kuna watu huchimba maisha yao yote na wakitoka juu wanakuwa na udongo tu, na wachimbaji wenyewe, watu wa Makoye, wakacheka mpaka wakamhama. Makoye akapiga magoti, akawavuta tena mmoja mmoja. Viti vilipigwa mateke kando. Nilimwona Mama Jenifa wangu, bibi wa watu, viatu mkononi, akitoka ukuta wa kulia kwenda wa kushoto katikati ya vijana wa umri wa wanawe, akirudi, akienda tena. Nilikuwa na furaha ya kunipasua kifua, na wakati huo huo niliogopa, kwa maana mara mbili nilimwona Makoye akilishika gitaa lake kwa shingo, kama alivyolishika mwaka ule.

Hakumpiga nalo. Tulipomaliza jua lilikuwa halijazama. Makoye alitokea mlango wa mbele, amezungukwa na watu wake. Jashvant alitokea wa nyuma. Hakuna aliyemuaga mwenzake, na hakuna aliyeniaga mimi. Taufiq alinishika mikono akaitikisa, kisha akakumbuka kwamba hakuna aliyerekodi, akakaa sakafuni akicheka na kushika kichwa.

Asubuhi nilimkuta Makoye stendi, anangoja gari la Geita la kumrudisha machimboni. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Alisema nisiombe, kwa sababu hatanipa, si leo. Nilikuwa nimeitoa siri yake hadharani kwa wimbo, na kama si ukatekista wangu angeniangusha pale pale. Nilimwambia ana haki. Gari lilipoanza kuunguruma alipanda, akakaa dirishani, akatazama mbele.

"Yule mwenzako amesemaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Hajasema kitu."

"Mwambie wale wa upande wa madirisha walikuwa wangu hadi mwisho. Aliwaazima tu." Gari likaondoka, naye akatoa kichwa nje. "Mimi na yeye hatuongei. Lakini mwezi wa kumi nina nafasi."

Nilipanda basi la Shinyanga siku ile ile, na vumbi la Jumapili sijaliosha vizuri. Jashvant alikuwa nyuma ya kaunta, anampimia mama mmoja kitenge. Kila nilipoingia duka lile, tangu tukiwa vijana, kiti kilitolewa na chai ikaitishwa kabla sijamaliza salamu. Safari hii hakukitoa. Nilisimama upande wa wateja, nikampa ujumbe wote kama nilivyopewa, ule wa madirisha na ule wa mwezi wa kumi. Alisikiliza huku akinyoosha kitambaa juu ya rula ya mbao. Aliweka alama kwa chaki, akachukua mkasi, akakata moja kwa moja hadi mwisho, akakunja, akamkabidhi yule mama na kumshukuru.

"Mwezi wa kumi," alisema, macho yakiwa kwenye mkasi, "tarehe ngapi?"